Nani Ameasi Chama? Robert Peel, Wahafidhina Wenzake na Deni la Ahadi



Usiku wa tarehe 15 Mei 1846, katika Baraza la Makabwela mjini London, mbunge wa Shrewsbury alisimama na kumshambulia Waziri Mkuu kwa muda wa saa tatu hivi. Mbunge huyo hakuwa wa upinzani. Yeye na Waziri Mkuu walikuwa wa chama kimoja, Conservative, na mwaka 1841 wote wawili waliomba kura chini ya bendera yake. Mshambuliaji alikuwa Benjamin Disraeli, mtunzi wa riwaya mwenye madeni mengi na ulimi mkali. Aliyeshambuliwa alikuwa Sir Robert Peel, mtu aliyekisimamisha chama hicho kilipokuwa hoi. Kura zilipohesabiwa, muswada wa Peel ulipita kwa 327 dhidi ya 229, lakini ulipita kwa msaada wa wapinzani wake. Katika kila wabunge watatu wa chama chake, takriban wawili walimkataa. Kabla ya Juni kwisha alikuwa amejiuzulu.

Muswada ule ulihusu ushuru wa ngano. Nitaieleza ngano hiyo, kwa sababu bila yake ugomvi haueleweki, lakini kilichonileta mbele yenu ni lawama zenyewe. Mwanasiasa anapokwenda kinyume na chama chake, sisi watazamaji hugawanyika upesi: kwa hawa ni shujaa wa dhamiri, kwa wale ni msaliti, na mjadala huishia hapo. Wahafidhina wa 1846 waliuliza swali jingine. Wengi wao waliliuliza kwa ubinafsi, wengine kwa hasira, na mmoja wao kwa uchungu wa kunyimwa cheo. Hata hivyo naliona ni swali zito kuliko yote ninayoyajua katika somo hili: ahadi aliyopewa mpiga kura ni mali ya nani, na nani ana ruhusa ya kuibadili?

Sheria za Nafaka zilipata sura yake kali mwaka 1815, vita vya Napoleon vilipomalizika. Ngano ya kigeni ilizuiwa kuuzwa Uingereza mpaka bei ya ngano ya ndani ifike shilingi 80 kwa kota moja, kipimo cha zaidi ya kilo 200. Mwaka 1828 zuio hilo liligeuzwa kuwa ushuru wa ngazi: bei ya ndani ikishuka, ushuru unapanda, bei ikipanda, ushuru unashuka. Walionufaika ni makabaila, watu walioishi kwa pango la mashamba waliyowakodisha wakulima. Walioumia ni wale waliokula mkate wa kununua: vibarua, wafumaji, wafanyakazi wa viwanda vya pamba vya Manchester. Na Manchester ndiko Richard Cobden na John Bright walikoijenga Ligi ya Kupinga Sheria za Nafaka, huku nyuma yao wakiwapo mabepari wa viwanda ambao mkate wa bei nafuu uliwafaa kwa sababu zao wenyewe.

Chama cha Conservative kilikuwa chama cha ardhi hiyo, cha Kanisa la Anglikana na cha Ufalme. Kiongozi wake hakutoka katika tabaka la wenye ardhi. Baba yake Peel alitajirika kwa viwanda vya pamba huko Lancashire, na utajiri huo ndio uliompeleka kijana Harrow, ukampeleka Oxford, na mwaka 1809, akiwa na umri wa miaka 21, ukampatia kiti cha Bunge cha Cashel, Ireland. Makabaila walimfuata kwa kuwa alikuwa hodari kuliko wao wote. Alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani aliunda polisi wa London, mwaka 1829. Desemba 1834 alitoa Ilani ya Tamworth, iliyowaambia Waingereza kwamba chama chake kingelinda mambo ya zamani na papo hapo kingerekebisha yaliyooza. Mwaka 1841 akawaletea ushindi mkubwa. Katika majimbo ya mashambani, ushindi huo ulitokana na jambo moja waliloelewa wapiga kura bila kuhitaji ufafanuzi: Conservative italinda ngano yetu.

Lakini palikuwa na kovu la zamani. Kwa miaka mingi Peel alikuwa mpinzani mkubwa wa kuwaruhusu Wakatoliki kuingia Bungeni, na Chuo Kikuu cha Oxford, ambacho siku hizo kilikuwa na wabunge wake, kilimpa kiti mwaka 1817 kwa msimamo huohuo. Mwaka 1828 Daniel O'Connell, Mkatoliki, alishinda uchaguzi mdogo wa County Clare huko Ireland, na sheria ikamzuia kuketi. Ireland ilikaribia kulipuka. Peel na Wellington, aliyekuwa Waziri Mkuu, waliamua kulegeza. Hapo Peel alifanya jambo ambalo naomba mlishike, kwa sababu nitalirudia: alikiachia kiti cha Oxford na kugombea tena, ili waliompeleka Bungeni kwa ahadi moja wapate nafasi ya kumkubali au kumkataa kwa jambo lililo kinyume chake. Walimkataa. Sir Robert Inglis alimshinda, na Peel akatafutiwa kiti kingine huko Westbury. Sheria ya Wakatoliki ilipita mwaka uleule wa 1829, na wahafidhina wa kale hawakusahau.

Vuli ya 1845, ukungu uliingia katika viazi vya Ireland. Kwa mamilioni ya maskini wa kisiwa kile kiazi hakikuwa kitoweo wala mboga. Kilikuwa chakula chote, asubuhi na jioni. Peel aliagiza kwa siri mahindi ya Marekani ya thamani ya pauni 100,000, chakula kigeni kabisa kwa watu wale. Novemba alilitaka Baraza la Mawaziri lifungue bandari kwa nafaka ya nje, na mawaziri watatu tu wakamuunga mkono. Kiongozi wa chama cha upinzani cha Whig, Lord John Russell, akawaandikia wapiga kura wa Jiji la London barua ya wazi kutoka Edinburgh, akitangaza kwamba yeye sasa anataka sheria zile zifutwe. Peel alijiuzulu Desemba. Russell akashindwa kuunda serikali. Malkia Victoria akamrudisha Peel. Lord Stanley alijitoa katika Baraza la Mawaziri. Tarehe 27 Januari 1846 Waziri Mkuu aliyechaguliwa kulinda ngano alisimama kueleza jinsi atakavyouondoa ushuru wake hatua kwa hatua, hadi Februari 1849 ubaki ushuru wa jina tu.

Sasa tuwasikilize wakosoaji. Nianze na sifa mbaya ya mkubwa wao. Mwaka 1841 Disraeli alimwandikia Peel barua ya kuomba asisahauliwe katika kugawa vyeo. Alisahauliwa. Usiku ule wa Mei, Peel alimuuliza mbele ya Bunge zima: kama ulikuwa unaniona mtu duni kiasi hicho, mbona uliwahi kuwa tayari kufanya kazi chini yangu? Disraeli alisimama akakana kwamba aliwahi kuomba cheo. Ulikuwa uongo. Peel hakuisoma barua ile hadharani, na mimi namheshimu kwa hilo.

Je, tumtupe Disraeli kapuni? Wanahistoria wengi wamefanya hivyo, hasa wale wanaompenda Peel. Naona wamekosea, kwa sababu hoja haifi kwa uongo wa mtoa hoja. Tarehe 22 Januari 1846, siku ya kwanza ya kikao kipya cha Bunge, Disraeli aliwakumbusha wabunge tukio la mwaka 1839, la amiri jeshi wa majini wa Dola ya Uturuki aliyepewa merikebu za Sultani akapigane na Muhammad Ali wa Misri. Amiri yule alizipeleka merikebu zote Alexandria na kuzikabidhi kwa adui. Alipoitwa msaliti, kwa masimulizi ya Disraeli, alijibu kwamba yeye alivichukia vita tangu zamani, na aliupokea uamiri ili avimalize kwa njia hiyo. Bunge lilicheka sana. Lakini chini ya kicheko kuna shtaka lililojengwa kwa uangalifu. Amiri huenda alikuwa na haki ya kuchukia vita. Huenda hata amani ilikuwa bora. Asichokuwa na haki nacho ni merikebu.

Hapo ndipo penye kiini cha lawama zote za kihafidhina dhidi ya Peel. Disraeli hakudai kwamba Sheria za Nafaka zidumu milele. Alisema kwamba kama biashara huria ni jambo jema, basi wapo watu waliolihubiri kwa miaka mingi, wakatukanwa kwa ajili yake, wakagombea na kushindwa kwa ajili yake. Walete wao, kwa kura zao. Cobden aliwapinga wahafidhina usoni, nao walijua wasimame wapi mbele yake. Mpiga kura wa mashambani hawezi kuijua kila sheria itakayoletwa Bungeni katika miaka ijayo. Anachokijua ni chama, na chama kwake ni namna ya ahadi: watu hawa, kwa mambo haya, watasimama hivi. Mpaka kati ya chama na chama ukifutwa na mkono wa kiongozi mmoja, mpiga kura anabaki na jina la mtu tu. Disraeli aliona kwamba Bunge la namna hiyo lingekuwa na wabunge wengi na uwakilishi mdogo sana.

Lord George Bentinck alilisema hilo kwa njia nyingine. Alikuwa mtoto wa kabaila mkubwa, Duke wa Portland, na mshabiki wa mbio za farasi. Alikaa Bungeni miaka mingi bila kutoa hotuba ya maana. Aliwaambia marafiki kwamba kufutwa kwa ushuru hakungemtia hasara, huenda kungempa nafuu, kwani farasi hula nafaka. Asichoweza kukistahimili ni kuuzwa. Kisha akauza yeye: mwaka huohuo aliwaachia wengine farasi wake wote wa mashindano, apate muda wa kuwaongoza wabunge walioachwa na Peel. Mwaka 1848 mmoja wa farasi hao, Surplice, alishinda Derby, mashindano ambayo Bentinck aliyaota maisha yake yote. Miezi michache baadaye alifariki dunia.

Wako na wengine ambao majina yao hayamo katika vitabu, nao ndio hasa ninaowafikiria ninaposoma mjadala huu. Mkulima mpangaji wa Lincolnshire au Essex hakuwa kabaila. Alikodi shamba kwa mkataba, akakopa, akachimba mitaro ya maji, akanunua mbolea, yote kwa hesabu iliyotegemea sheria ambayo Peel mwenyewe aliirekebisha mwaka 1842 na kuifanya ionekane kama suluhu ya kudumu. Mwaka 1844 wakulima wa namna hiyo walianza kuunda vyama vyao vya kulinda kilimo, na moja ya kazi za vyama hivyo ilikuwa kuwabana wabunge wao wasikiuke neno lao. Walikuwa wameshanusa jambo. Ahadi ni deni, na wao walikuwa wadai.

Jibu la Peel lilikuwa zito pia. Alijiona waziri wa Malkia na wa taifa kwanza, na mkuu wa chama baadaye. Hali ikibadilika, alisema, waziri anayeendelea kushika maoni ya jana kwa ajili ya kupendeza chama anaikosea nchi. Na nani angebisha, mbele ya njaa? Mwenye kuona mwenzake anakufa haulizi ilani ilisemaje.

Lakini hapa nataka tuwe wakali kidogo. Mawazo ya Peel hayakubadilika kwa sababu ya viazi. Inasimuliwa kwamba Machi 1845, miezi kadhaa kabla ya ukungu, alimsikiliza Cobden akieleza jinsi ushuru unavyomdhuru mkulima mwenyewe, akaikunja karatasi aliyokuwa akiandika, akamgeukia Sidney Herbert na kumwambia amjibu yeye, maana Peel hawezi. Ukiisoma sera yake ya ushuru tangu 1842 utaona mtu anayetembea kuelekea biashara huria hatua kwa hatua, kwa akili safi na kwa siri. Wabunge wake wa viti vya nyuma hawakuambiwa. Walioapa kwa wakulima wao kwamba Sir Robert yuko nasi, waliapa kwa kujua kidogo kuliko alichojua Sir Robert. Hilo silioni kuwa kosa dogo la adabu. Kiongozi anayebadili mawazo ana haki hiyo, kama binadamu yeyote. Anayebadili mawazo na kuacha wenzake waendelee kuahidi kwa jina lake amewafanya kuwa waongo bila ridhaa yao.

Na ile njia ya Oxford? Juni 1846 Cobden alimwandikia Peel akimhimiza avunje Bunge na kwenda kwa wapiga kura. Peel alikataa. Aliogopa uchaguzi wenye kilio cha mkate ungeligonganisha tabaka na tabaka, na hofu hiyo haikuwa ya kubuni: mwaka 1842 migomo mikubwa ilitikisa wilaya za viwanda, na vuguvugu la Wachartist, wafanyakazi waliodai haki ya kupiga kura, lilikuwa bado hai. Ninaielewa sababu yake. Siikubali. Mwaka 1829 aliuliza, akajibiwa vibaya, akapata kiti kingine na sheria ikapita vilevile. Mwaka 1846 hakuuliza. Nadhani jibu la Oxford lilimfundisha somo ambalo hakupaswa kulijifunza.

Wahafidhina hupenda kumtaja Edmund Burke, mbunge na mwanafikra wa karne ya 18, katika jambo hili, na pande zote mbili zinaweza kumdai. Mwaka 1770 alikitetea chama kama watu walioungana kwa msingi waliokubaliana. Mwaka 1774 aliwaambia wapiga kura wa Bristol kwamba mbunge si mjumbe wa kubeba maagizo. Wao wanamdai usikivu, na wanamdai pia akili yake. Mwaka 1791 alivunja urafiki na chama chake, mbele ya Bunge zima, kwa sababu ya mapinduzi ya Ufaransa, na rafiki yake Charles James Fox akalia machozi. Kuna jambo moja katika Bristol ambalo hupitwa haraka. Burke aliyasema maneno yale siku ya kutangazwa mshindi, kwa sauti, mbele ya watu wenyewe. Aliwaonya mapema kwamba atatumia akili yake. Mwaka 1780 walipoonyesha hawamtaki tena, alijitoa kwenye kinyang'anyiro. Uhuru wake ulikuwa wa wazi, na bei yake aliilipa yeye.

Sitaki mwondoke hapa mkidhani nawasafisha wakosoaji. Baadhi yao, Bentinck akiwemo, walidai habari za njaa zilitiwa chumvi, na madai hayo hayasomeki leo bila kuumiza. Kisha, usiku wa tarehe 25 Juni 1846, muswada wa nafaka ulipokuwa unakamilika katika Baraza la Mamwinyi, walikusanyika katika Baraza la Makabwela kuiangusha Serikali kwa muswada mwingine, wa kutumia nguvu dhidi ya fujo za Ireland. Ulikuwa muswada wa aina ambayo kwa kawaida wangeuunga mkono kwa mikono miwili. Baadhi yao waliungana na Whig na wabunge wa Ireland, na Peel akashindwa kwa kura 73. Watu waliomhukumu mwenzao kwa kuacha msimamo walimtolea hukumu kwa kuacha msimamo wao. Kisasi kina njia hiyo.

Na Ireland haikupona. Mavuno ya viazi ya 1846 yaliharibika karibu yote. Serikali ya Russell iliyomrithi Peel ililiachia soko kazi ambayo soko haliwezi kuifanya, na kabla ya maafa kwisha watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa, na wengine zaidi ya milioni moja wameihama nchi. Ngano ya bei nafuu haimfikii mtu asiye na senti. Kwa hiyo wale wahafidhina waliosema kwamba njaa ya Ireland ilihitaji hatua za Ireland, na kwamba bandari zingeweza kufunguliwa kwa muda bila kuifuta sheria nzima, hawakuwa wajinga. Peel aliwajibu kwamba ushuru ukishasimamishwa wakati wa njaa, hakuna atakayethubutu kuurudisha; pengine alikuwa sahihi. Ila haki inadai tukumbuke kwamba mwaka 1847 ni Bentinck aliyependekeza Serikali ikopeshe pauni milioni 16 kujenga reli Ireland ili wenye njaa wapate ujira. Bunge lilikataa.

Gharama ndani ya chama ilikuwa kubwa, na iliingia mpaka majumbani. Duke wa Newcastle alikuwa mhafidhina wa shina. Mwanawe, Lord Lincoln, alikuwa waziri wa Peel. Sheria ya wakati huo ilimtaka mbunge anayeteuliwa kuwa waziri agombee upya, na Lincoln alipogombea, baba yake alitumia nguvu zake zote jimboni kumwangusha. Alimwangusha. William Gladstone, aliyekuwa na kiti cha Newark kwa hisani ya Duke huyohuyo, hakugombea kabisa. Alifanya kazi ya uwaziri miezi ile akiwa nje ya Bunge. Waliomfuata Peel walielea katikati kwa miaka kadhaa, na mwaka 1859 wengi wa waliosalia waliingia katika umoja uliokizaa chama cha Liberal. Conservative haikupata tena ushindi wa wingi wa viti mpaka mwaka 1874. Ni miaka 28 tangu 1846, na katika miaka hiyo chama kiliongoza serikali za wachache tu, za muda mfupi.

Mwaka 1867 gurudumu lilimgeukia Disraeli. Akiwa Waziri wa Fedha katika mojawapo ya serikali hizo dhaifu, alipitisha sheria ya kupanua haki ya kupiga kura kuliko hata Liberal walivyothubutu kupendekeza mwaka mmoja kabla, na chama chake kilikuwa kimeipinga ile ndogo. Lord Cranborne alijiuzulu uwaziri, na Oktoba akachapisha makala kali akidai kwamba wahafidhina wamesalimu amri. Maneno yake dhidi ya Disraeli yangeweza kunakiliwa kutoka kinywa cha Disraeli mwenyewe, 1846. Cranborne huyo ndiye aliyekuja kuwa Lord Salisbury, Waziri Mkuu aliyeafikiana na Wajerumani mwaka 1890, akawapa kisiwa cha Heligoland na kupata ulinzi wa Zanzibar. Watu wa pwani yetu walikutana na siasa hizi kwa njia hiyo: makubaliano juu yao, bila kuulizwa.

Kwetu Afrika Mashariki, swali la 1846 limejibiwa kwa sheria. Katiba ya Tanzania, Ibara ya 71, inamwondolea kiti mbunge anayeacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka Bungeni. Katiba ya Kenya ya 2010 ina kanuni ya jamaa hiyo katika Ibara ya 103. Mtu angeweza kudhani kwamba Disraeli ameshinda huku kwetu: kura ni ya chama, na anayeondoka aiache. Naamini ni ushindi wa nusu, tena nusu isiyo sahihi. Sheria hizi zinalinda kadi. Disraeli alikuwa akitetea ahadi.

Tazameni Kenya, Aprili 1966. Oginga Odinga aliachia umakamu wa rais na kutoka chama tawala cha KANU, pamoja na wabunge kadhaa, wakaingia chama cha upinzani cha KPU. Katiba ilibadilishwa kwa haraka ili wapoteze viti vyao na kugombea upya, na Juni ukafanyika ule Uchaguzi Mdogo Mkuu. Odinga alirudi Bungeni. Wengi wa wenzake hawakurudi. Hoja ya Odinga ilikuwa kwamba yeye hajaiacha KANU ya ahadi za uhuru, juu ya ardhi na juu ya maskini. Uongozi ndio ulioziacha na kubaki na jina. Mtu anaweza kukubaliana naye au kumpinga. Sheria haikuwa na mahali pa kuisikiliza hoja hiyo. Iliuliza swali moja, kadi iko wapi, na wenye jina la chama mkononi ndio waliokuwa na jibu.

Peel naye asingeguswa na sheria yoyote ya namna hii. Alikuwa kiongozi; kadi, ofisi na orodha ya wateule vilikuwa vyake. Walio hatarini wangekuwa wabunge 231 waliompinga Februari 1846, wakati muswada ulipopigiwa kura ya kwanza kubwa, watu waliokuwa bado wanasema kile walichowaambia wapiga kura mwaka 1841. Ningependa wanasheria waliomo ukumbini walifikirie hilo. Tunayo adhabu kwa mbunge anayekihama chama. Kwa uongozi unaoihama ilani na kuwafukuza waliobaki nayo, hatuna hata utaratibu wa kuwauliza wapiga kura. Oxford ya 1829 ilikuwa nao, kwa hiari ya mtu mmoja, na mara moja tu.

Namalizia na kura nyingine. Peel alifariki Julai 1850, siku chache baada ya kuangushwa na farasi mjini London. Mwaka 1852 wahafidhina waliomfukuza waliingia madarakani, Lord Stanley akiwa sasa Earl wa Derby na Waziri Mkuu, Disraeli akiwa Waziri wa Fedha. Novemba Bunge liliwataka waseme kama wanaikubali biashara huria. Serikali ililiridhia azimio hilo, na likapita kwa kura 468. Waliolikataa walikuwa 53. Walikaa palepale walipokuwa wameketi mwaka 1846, wakipinga jambo lilelile, kwa sababu zilezile walizowapa wakulima wao. Na kwa kura hiyo walikuwa wamekwenda kinyume na msimamo wa chama chao. Disraeli hakuwa miongoni mwao.